Jozi 60, Namba 42

Kwa miaka mingi nimekaa mbele ya kipaza sauti nikiwahimiza wenzangu wajiajiri. Mali bila daftari hupotea bila habari, nimelisema hilo mara nyingi mno. Leo nakuomba radhi, kwani habari ninayoileta inatoka nyumbani kwangu Kihonda, ambako mali ilipotea na mimi, mwandishi wa habari, nikawa wa mwisho kupata habari.

Mama Neema alipopokea fungu lake la kikoba, shilingi 800,000, tulikubaliana tutengeneze makubazi ya ngozi. Tukapanga fremu kwa shilingi 40,000 kwa mwezi, tukampata fundi kijana, hodari kweli wa sindano. Kasoro ilikuwa moja. Fundi alikuwa na kalibu ya namba 42 peke yake. Sisi hatukuuliza. Tukafurahia harufu ya ngozi mpya, tukamwacha ashone jozi 60.

Sasa simama pale fremuni asubuhi uone wanaopita: akina mama waendao sokoni, wasichana waendao viwandani. "Namba 38 ipo?" Haipo. "Basi 37?" Nayo haipo. Mteja anageuza kubazi, analisifu, analirudisha mahali pake.

Nikadhani dawa ni kuwapelekea wanaume. Jozi 15 nikamkabidhi mwenye duka mmoja kwa mali kauli, bila hata karatasi. Aliniambia nirudi mwisho wa mwezi, na mpaka leo mwezi wake haujaisha.

Lakini lililoniuma zaidi lilikuwa kwenye hesabu. Jozi tuliiuza shilingi 15,000. Ngozi 5,500, soli 3,000, gundi, uzi na vifungo 2,000. Jumla 10,500, kwa hiyo nikatangaza faida ya 4,500 na kula nyama siku hiyo. Usiku mmoja Mama Neema akachukua kalamu. Fundi analipwa 3,000 kwa jozi. Fremu, kwa kuwa tunauza jozi 20 kwa mwezi, inakula 2,000 kwa kila jozi. Tulikuwa tukitumia 15,500 ili tupate 15,000. "Baba Neema," akaniuliza, "wewe si ndiye mwalimu wa daftari redioni?" Sikuwa na jibu. Zile zilikuwa fedha zake, si zangu.

Hapo ndipo nikakikumbuka Kiwanda cha Viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa fedha za Benki ya Dunia katika miaka ya 1970. Kilikuwa na mitambo ya kisasa na wafanyakazi. Mpango ulikuwa kitosheleze soko la Tanzania nzima, kisha robo tatu ya viatu milioni 4 kwa mwaka viende Ulaya. Benki yenyewe iliandika mwaka 1998 kwamba kiwanda hakikuwahi kuvuka asilimia 4 ya uwezo wake. Jengo halikufaa kwa hali ya hewa ya joto letu, na vipuri havikupatikana. Mwaka 1990 kikafungwa. Zamani nilikuwa nikiwacheka wataalamu wale walioshona viatu vya Wazungu kabla ya kuwauliza Wazungu. Siku hizi sicheki. Wao walikosea kwa mamilioni, mimi kwa jozi 60, na swali tuliloliruka ni lilelile.

Fremu tumeirudisha. Fundi anashonea barazani kwetu, na ameongeza kalibu za namba 37 hadi 40. Kwanza mteja anapimwa mguu, analipa nusu, ndipo ngozi inakatwa. Bei ni 18,000. Wapo wanaonuna na kwenda zao kununua ndala za mtumba, nami siwalaumu. Zile namba 42 zimebaki 11 uvunguni mwa kitanda, na mgeni yeyote mwanamume anayefika kwetu hutazamwa miguu kabla ya uso.

Juma lililopita mfanyabiashara wa Dar es Salaam alipiga simu akitaka jozi 200, kwa mali kauli. Mimi, nakiri, moyo ulinienda mbio, nikaanza kuzidisha kichwani. Mama Neema akaichukua simu, akamwomba atangulize nusu. Bwana yule akasema atatafakari. Mpaka naingia studioni asubuhi hii alikuwa hajapiga tena, na fundi yuko barazani anamalizia jozi mbili za namba 38.