Kupima Kazi ya Mwanafunzi wa Sayansi

Jioni hii twapenda kusema machache na walimu wenzetu juu ya namna tupimavyo kazi za wanafunzi katika maonyesho ya sayansi.

Hatuna budi kukiri kosa letu. Twasimama mbele ya meza yenye mtambo ung'aao na taa ziwakazo, na mara kalamu huandika alama nyingi. Kisha twamfikia mtoto mwenye mikebe miwili na daftari, nasi twampita upesi. Kumbe kinachopimwa si mtambo wala mikebe, bali ni akili iliyovitumia.

Kumbukeni habari ya Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa shule ya Magamba, Tanganyika. Siku moja, akichelea kukosa nafasi katika friji, alitia maziwa yake ya aiskrimu yangali moto. Yakaganda mbele ya yale ya mwenzake yasiyochemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, huko Iringa, alimwuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo cha Dar es Salaam. Naye Osborne alidhani kijana amekosea, lakini hakumkemea. Aliagiza maji yapimwe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha habari hiyo pamoja.

Hata hivyo ubishi haujaisha. Mwaka 2016 Burridge na Linden walipima upya, wasione ushahidi wa kutosha. Basi tuulizane: kama alama hutolewa kwa jibu peke yake, Mpemba angestahili ngapi? Lakini aliona jambo kwa macho yake, akauliza, wala hakukubali kunyamazishwa bila ya jaribio. Hiyo ndiyo sayansi, na hiyo ndiyo yenye alama.

Wenye uzoefu wamelijua hili. Katika mashindano ya ISEF, yaliyoanza Marekani mwaka 1950, karatasi ya waamuzi iligawa alama 100 hivi: swali 10, mpango wa uchunguzi 15, utendaji 20, ubunifu 20, na maelezo 35. Lakini katika hizo 35, bango lilipewa 10 tu. 25 zilikuwa za mazungumzo na mwanafunzi mwenyewe.

Basi mwamuzi na aketi, asikilize. Na aulize: Ulijuaje? Ulirudia mara ngapi? Ni jambo gani lingalikuonyesha kwamba umekosea? Mtoto ambaye kazi yake ilifanywa na mkubwa wake hapo atababaika, na aliyeifanya mwenyewe atachangamka. Na yule asemaye, "Hilo silijui, ila ningelipima hivi," msimpunguzie alama.

Mtoto aliyechekwa mara moja huenda asiulize tena maisha yake yote, na hasara hiyo haiandikwi katika karatasi yo yote ya alama.