Mbwa wa Mpakani: Kumfundisha Mbwa Mwerevu wa Mifugo na Shamba Nyumbani Pemba

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya wafugaji na wakulima, Wete, Pemba



Wapo vijana wetu wanaorudi kutoka Tanga na Dar es Salaam na mtoto wa mbwa ndani ya boksi, mwenye masikio yanayoanza kusimama, na wanaambiwa huyo ana damu ya mbwa wa polisi. Miezi michache baadaye mbwa yule yule amefungwa mnyororo chini ya mwembe, amechimba mashimo mduara mzima, anabweka mchana na usiku, na mnyororo ukikatika tu anakwenda kuua kuku wa jirani. Mwenyewe anasema mbwa mbaya. Jirani anasema mbwa ana kichaa. Mada yangu inahusu mbwa huyo, na inahusu pia mbwa wetu wa kienyeji, ambaye kwa akili na wepesi hayuko nyuma hata kidogo.

Huyu tunayemwita mbwa wa polisi asili yake ni mchungaji wa kondoo. Mwaka 1899 ofisa mmoja wa kikosi cha wapanda farasi wa Ujerumani, Max von Stephanitz, alimwona kwenye maonyesho ya mbwa huko Karlsruhe mbwa wa wachungaji aliyempendeza, akamnunua, akampa jina Horand, na kutokana na huyo akaanza kujenga kizazi chote tunachokijua leo. Polisi na jeshi walikuja baadaye.

Nataka tuitazame vizuri kazi aliyozaliwa nayo, kwa sababu inatuhusu. Kule mashamba mengi hayakuwa na ua. Kondoo walilishwa kwenye vipande vya majani vilivyopakana na mazao ya watu. Mchungaji alisimama mbele, na mbwa alitembea kwenye mpaka, aende arudi, kutwa nzima, kuhakikisha hakuna kondoo anayetia mguu kwenye mazao. Alikuwa ua unaotembea. Mbwa wa namna hii ameumbiwa kukumbuka mstari na kuulinda, na ameumbiwa kutembea masaa mengi. Ukimfunga mnyororo wa mita mbili umemwachia akili yote ile na miguu yote ile bila pa kuipeleka.

Yupo mchungaji mwingine mashuhuri, Border Collie, wa mpakani mwa Uingereza na Uskoti. Kizazi chake kinarudi kwa dume mmoja, Old Hemp, aliyezaliwa mwaka 1893. Huyo kazi yake ni kwenda mbali mlimani, kuwazunguka kondoo na kuwaleta kwa bwana wake, akiwakazia macho tu. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walitangaza habari za mbwa wa aina hiyo, Chaser, aliyejifunza majina ya vitu 1,022 na kukichagua kila kimoja anapotajiwa. Nalitaja hili kwa sababu bado wapo wanaoamini kwamba mbwa haelewi ila fimbo.

Sasa tuje kwetu. Pemba hatuna milima ya kondoo mia tano. Ng'ombe tunawafunga kamba na kuwahamisha asubuhi na jioni. Mbuzi ndio ugomvi: mbuzi wa fulani kaingia kwenye muhogo wa fulani, kesi imefika kwa sheha. Tumbili wanashuka kondeni. Nguruwe mwitu wanafukua viazi usiku. Watoto wanakosa skuli kwa kukaa kwenye dungu. Kwa makonde madogo yaliyopakana kama yetu, mbwa wa kukimbiza kundi kutoka mbali hatufai sana. Anayetufaa ni mbwa wa mpakani, na kwa hiyo mafunzo yote nitakayoyaeleza yanaelekea huko.

Kabla ya mafunzo, suala la dini, maana najua limo vifuani. Sisi wengi wetu ni Mashafii, na mate ya mbwa kwetu ni najisi nzito: huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Hilo halina mjadala. Lakini sheria hiyo hiyo imemvua mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba kutoka katika katazo la kufuga mbwa. Na kuna jambo ambalo tunalisoma darsani kisha tunaliacha msikitini. Katika mlango wa uwindaji, vitabu vyetu vya fiqhi, na Minhaj ya Imam Nawawi ikiwemo, vinaweka sharti la mbwa kuitwa aliyefundishwa: akitumwa aende, akizuiliwa azuilike, akikamata asile, na mambo hayo yakaririke mpaka mtu aridhike kwamba ndiyo tabia yake. Nimesoma maelezo mengi ya kisasa ya kufundisha mbwa na sijaona kipimo kilicho wazi zaidi ya hicho. Hasa lile sharti la kukariri. Mbwa aliyetii mara moja mbele ya wageni bado hajafundishwa.

Kiutendaji, mbwa awe na chombo chake, kamba yake itundikwe nje, na anayemfundisha awe na nguo ya kazi. Malipo yake, kipande cha dagaa mkavu, yatupwe chini, yasitolewe kiganjani. Kikavu kwa kikavu hakihamishi najisi, kama masheikh wetu wanavyofundisha. Mambo haya yakipangwa tangu siku ya kwanza, kina mama nyumbani hawatapata tabu, na mbwa hatapigwa mateke kila anapopita.

Umri wa kuanza. Mtoto wa mbwa asitolewe kwa mamaye kabla ya wiki nane. Na kuanzia wiki ya tatu hadi kama ya kumi na nne akili yake iko wazi kwa namna ambayo haitarudi tena: anachokiona wakati huo kwa amani, atakihesabu kuwa cha kawaida maisha yake yote. Basi aone kuku, mbuzi na vifaranga. Aone mtu wa kanzu, mwanamke wa buibui, baiskeli, bodaboda, mtoto anayelia, mzee wa mkongojo. Asikie adhana ya karibu na radi ya masika. Mbwa aliyefichwa nyuma ya nyumba miezi minne kisha akatolewa, kila kitu kwake ni adui, na hapo ndipo wanapotokea wanaong'ata wapita njia.

Amri ya kwanza ni kuja. Chagueni nyumba nzima neno moja. Babu akisema "njoo", mtoto akisema "hebu", na kijana akipiga mbinja ya aina yake, mbwa anabaki kubahatisha. Mwite akiwa karibu, mara moja tu. Akigeuka, dagaa litupwe miguuni pako papo hapo. Ukichelewa kwa muda wa kuvuta pumzi mbili, umemlipa kwa jambo jingine alilokuwa akilifanya. Dakika tano zinatosha, mara mbili au tatu kwa siku, kabla hajala. Na usimwite kamwe ili umpige. Amekula kuku, umemwita, amekuja, umemchapa: somo alilolipata ni kwamba kuja kunauma.

Amri ya pili ni kusimama. Wengi hapa wanakosea mpangilio. Wanamfundisha kwanza kukimbiza, wanamchochea kwa vifijo amfuate tumbili, wanafurahi akimpata, kisha wanashangaa anapomkimbiza mtoto wa jirani. Kukimbiza hakufundishwi, amezaliwa nako. Anachokosa ni breki. Mfundishe "tulia" akiwa amekaa, kisha akiwa anatembea, kisha akiwa anakimbia kufuata kifuu ulichokirusha. Asipojua kusimama, asipelekwe kwa mifugo.

Hapa panahitaji jicho. Tuliokulia Pemba tumeutazama mchezo wa ng'ombe, na tunajua mchezaji anavyomsoma ng'ombe kabla hajainamisha pembe. Mbwa naye anasomeka. Anapotaka kutoka mbio, kwanza mdomo uliokuwa wazi, ulimi nje, unafungwa. Masikio yanakwenda mbele. Mkia unakaza, hautikisiki. Kichwa kinashuka usawa wa mabega na uzito wote unahamia miguu ya mbele. Yote haya yanapita kwa kufumba na kufumbua, na ndani ya muda huo ndipo neno "tulia" linasikika. Akishachomoka unapiga kelele bure, na mbaya zaidi, unamzoesha kwamba neno lako ni la kupuuzwa. Mdomo unapofungwa, sema. Akikutazama, lipa kwa wingi.

Kisha mpaka wenyewe. Chukua kamba ya kama mita kumi. Ya makumbi inafaa, ila iwe nyepesi. Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, tembea naye ukingoni mwa konde, njia ile ile, upande ule ule. Akikanyaga mazao, simama, kaza kamba bila kumnyonga, mrudishe kwenye mstari, endelea. Akikaa kwenye mstari mwenyewe, lipa. Wiki za mwanzo pasiwe na mbuzi. Akishaijua njia, mtu mwingine alete mbuzi mmoja mtulivu aliyefungwa kamba, amsogeze mpakani. Mbwa akisimama kati ya mbuzi na muhogo, hata kama amefika hapo kwa bahati, hilo ndilo jambo lenyewe: msifu, lipa. Mbuzi akirudi nyuma, mbwa abaki pale pale. Akitaka kumfuata, "tulia". Ongeza mbuzi wa pili baada ya siku nyingi, wa tatu baadaye. Mbuzi jike mwenye mtoto asiwepo, atampiga pembe na kumvunja moyo, na mbwa kijana aliyepigwa pembe ama ataogopa ama atajifunza kuuma.

Jambo hili linakwenda kwa miezi. Mbwa wa damu ya Kijerumani hatulii kiakili kabla ya mwaka na nusu hivi. Wa kienyeji mara nyingi huwahi. Wawindaji wetu wanaokwenda na mbwa porini wana njia wanayoijua siku nyingi, ya kumwambatanisha kijana na mbwa mzee aliyekwisha tulia, na ningependa tuwaalike semina ijayo watueleze kwa vinywa vyao.

Faida ya mbwa mlinzi imeonekana kwingine. Laikipia, Kenya, watafiti waliochunguza simba, chui na fisi wanavyoshambulia mifugo walikuta kwamba maboma yenye mbwa na yenye watu karibu yalipata hasara ndogo zaidi. Namibia, tangu mwaka 1994, wafugaji wanapewa mbwa walinzi wa mbuzi ili duma asiuawe ovyo. Pemba hatuna simba wala duma, tuna wezi wa usiku. Mbwa aliyelala karibu na banda, akabweka kwa sababu, akanyamaza akiambiwa, anatosha.

Sasa nifike mahali ambapo moyo wangu upo zaidi. Kisiwa hiki kilikwisha kutokomeza kichaa cha mbwa. Kampeni za chanjo za kuanzia mwaka 2010 zilifanya kazi, na kufikia mwaka 2014 ugonjwa ulikuwa umekatika. Mwaka 2016 ukarudi. Uchunguzi wa vinasaba vya virusi ulionesha kwamba uliingia mara mbili, kutoka Tanzania Bara, na virusi havivuki bahari bila mnyama wa kuvibeba. Ilibidi chanjo irejeshwe kisiwa kizima, na maambukizi yakakatwa tena kufikia Oktoba 2018. Katikati ya miaka hiyo watu wetu waling'atwa. Mtu akishaanza kuonesha dalili za ugonjwa huu, karibu kila mara ni kifo.

Kwa hiyo yule mtoto wa mbwa ndani ya boksi anatuhusu sote. Na mafunzo niliyoyaeleza yana kazi ya pili, pengine kubwa kuliko ya kulinda muhogo. Ili ugonjwa usisambae inatakiwa kuchanjwa angalau mbwa 70 katika kila 100. Siku ya chanjo mbwa analetwa uwanjani na mwenyewe. Asiyeshikika haletwi, anabaki porini na tunasema mbwa wote wamechanjwa. Mbwa aliyezoea kamba tangu mdogo, aliyezoea kushikwa sikio, mguu na ngozi ya shingo, anachomwa sindano akiwa amesimama. Zoezi hilo lifanyweni nyumbani, kwa malipo ya dagaa, wiki kadhaa kabla ya chanjo. Kuhusu najisi, mavazi ya kazi yapo, maji na udongo vipo.

Napendekeza mambo matatu. Masheha waorodheshe mbwa wenye wenyewe katika kila shehia, na jina la anayeweza kumshika kila mmoja, kwa sababu mara nyingi si baba mwenye nyumba, ni kijana wa miaka kumi na tano ambaye siku ya chanjo yuko skuli. Chanjo ipangwe siku ambayo kijana huyo yupo. La pili, anayeng'atwa na mbwa, hata wa nyumbani kwake, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ndimu na dawa za kienyeji zisitangulizwe. La tatu, asipandishwe mbwa chomboni kuja Pemba, iwe kwa boti, kwa jahazi au kwa mashua ya kuingilia vichochoroni, bila cheti cha chanjo na bila bwana mifugo wa upande huu kujua. Kijana anayetaka mbwa mzuri wa kufundisha, kabla hajapanda boti kwenda Tanga, apite kwanza kwa wenye majike ya kienyeji hapa hapa Micheweni na Wete, achague mtoto anayekuja akiitwa na asiyekimbia sauti ya sufuria likidondoka.