Mmiliki wa Silaha Anapozeeka: Uamuzi Usiofaa Kuachiwa Warithi

Mada iliyowasilishwa katika kikao cha wastaafu na wenza wao



Sisi wenye umri wa watoto wenu tunasema mbele yenu juu ya jambo ambalo kwa kawaida huzungumzwa kwa sauti ya chini. Tumekuja kuzungumzia bunduki zinazomilikiwa kihalali majumbani, na hasa swali moja: mmiliki anapofikia umri wa kupumzika, azifanye nini?

Tunajua kwamba silaha hizo hazikuingia nyumbani kwa anasa. Wapo waliokabidhiwa gobore na baba zao. Wapo walionunua bunduki ya marisau ili kulinda mahindi yasiliwe na nguruwe pori na nyani, au kuzuia fisi zizini. Wapo waliokuwa wawindaji wenye vibali, wakaongeza raifo. Moja ikawa mbili, mbili zikawa tatu. Leo mwenye nazo ana miaka 75, shamba analima kijana, na kasha la chuma hufunguliwa kwa nadra. Kwa mtu huyu, kuachana na bunduki ni kuachana na sehemu ya jina lake, kwani pale kijijini ndiye aliyegongewa mlango usiku wanyama walipovamia. Kwa hiyo hatukuja kumnyang'anya mtu heshima yake. Tumekuja kumwomba aamue mwenyewe, angali na nguvu na kumbukumbu za kuamua.

Bunduki hairithiwi kama shamba

Nchini mwetu umiliki wa silaha unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Leseni ya silaha hutolewa kwa mtu, kwa jina lake, baada ya mtu huyo kuchunguzwa. Hapo ndipo bunduki inapotofautiana na ng'ombe, shamba au nyumba. Wosia unaweza kueleza kwamba marehemu alitaka bunduki yake imwendee mwanawe fulani. Hauwezi kumpa mwana huyo ruhusa ya kuishika. Ruhusa ni lazima aiombe mwenyewe, naye achunguzwe kama baba yake alivyochunguzwa.

Maana yake ni kwamba mmiliki anapofariki, leseni yake haimkingi mjane, wala mtoto, wala mpwa aliyekuja msibani. Nasi tukumbuke kwamba kumiliki silaha bila kibali kumo katika orodha ya makosa yanayoshughulikiwa chini ya Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200. Si kosa dogo la kumalizwa kwa maelezo ya mlangoni.

Tuchukue mfano. Mzee amefariki na kuacha silaha tatu: gobore, bunduki ya marisau na raifo. Mjane anajua ufunguo ulipo, lakini hajui ni risasi ngapi zimo kasemani wala leseni imehifadhiwa wapi. Kijana wa pili anasema baba alimwahidi raifo, naye anaondoka nayo. Mpwa anachukua gobore “kuitunza” hadi arobaini. Bunduki ya marisau inabaki chini ya kitanda cha mama. Hakuna hata mmoja aliyekusudia uovu. Kila mmoja aliona anamheshimu marehemu. Hata hivyo, kabla matanga hayajaanuliwa, nyumba tatu zina silaha ambazo hakuna mwenye ruhusa nazo. Mzee angeweza kuzuia hayo yote kwa kikao kimoja cha familia na safari moja ya kituo cha polisi.

Wakati wa kuamua

Watu hutuuliza: nitajuaje kwamba wakati umefika? Hakuna umri mmoja unaowafaa wote. Zipo dalili. Mikono inatetemeka. Macho hayatofautishi mbwa na fisi wakati wa magharibi. Ufunguo wa kasha umepotea mara mbili kwa mwezi. Wajukuu wanakuja likizo, na watoto hugundua maficho yote ya nyumba.

Ipo dalili nyingine ambayo familia huona haya kuitaja. Baada ya kufiwa na mwenza, au ugonjwa mrefu unapochosha, mtu anaweza kuelemewa na huzuni hata akatamani kufa. Mtu aliye katika hali hiyo hapaswi kulala nyumba moja na silaha. Wanafamilia wasisubiri uamuzi wa kudumu: wazungumze naye kwa upole, waombe polisi wazihifadhi kwa muda, na wamfikishe kwa mganga wa hospitali. Huzuni hupita, risasi hairudi.

Njia nne zilizopo

Njia ya kwanza ni kumkabidhi mrithi. Kabla ya yote, muulizeni kama anaitaka. Wazee wengi hutunza bunduki kwa ajili ya mtoto ambaye hajawahi kuulizwa, naye anaishi mjini katika chumba cha kupanga, hana pa kuiweka. Akiwa anaitaka, aanze maombi mzee angali hai, kwa kupitia serikali ya kijiji au mtaa wake na kituo cha polisi. Bunduki ibaki kwa mmiliki hadi kibali cha mrithi kitoke. Ahadi ya mdomo si kibali.

Njia ya pili ni kuuza. Mnunuzi awe mfanyabiashara mwenye leseni ya silaha, au mtu aliyekwisha kupewa kibali cha kununua, na polisi wajulishwe kabla ya silaha kubadili mikono. Jihadharini na dalali anayefika nyumbani na fedha taslimu akisema karatasi zitafuata. Silaha hiyo ikitumika katika uhalifu, jina la kwanza litakalosomwa katika kumbukumbu ni lenu. Ulizeni bei kwa zaidi ya mnunuzi mmoja, mkijua kwamba bei ya soko haihesabu kumbukumbu zenu. Hati ya mauzo ionyeshe aina ya silaha, namba yake, tarehe, bei na majina ya pande zote mbili.

Njia ya tatu ni kuisalimisha polisi. Njia hii inamfaa yule asiye na mrithi, au ambaye silaha yake imechakaa. Kwa nyakati mbalimbali Serikali hutangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari, ambavyo huwasaidia hasa wale waliokuta bunduki isiyo na karatasi katika mali za marehemu. Mwenye leseni halali hahitaji kusubiri tangazo. Adai stakabadhi yenye namba ya silaha na idadi ya risasi, na nakala aikabidhi kwa familia.

Njia ya nne inahusu silaha zenye thamani ya kihistoria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na magobore machache yaliyorithiwa kizazi hata kizazi yanaweza kuwa ya zamani kiasi hicho. Kitu cha aina hiyo hakiuzwi kiholela wala hakitolewi nje ya nchi bila kibali, hata mgeni akitoa fedha nyingi namna gani. Bunduki ya Mjerumani ya vita vya 1914 hadi 1918 haifikii kigezo hicho cha mwaka, lakini nayo inaweza kuwa na historia inayofaa kuhifadhiwa. Waulizeni Makumbusho ya Taifa, baada ya kuwajulisha polisi. Ukongwe wa silaha usichukuliwe kuwa ruhusa: gobore nalo ni silaha.

Tahadhari kabla ya kuigusa

Gobore linaweza kukaa na baruti mtutuni kwa miaka mingi likiwa bado na uwezo wa kulipuka, na kwa macho halionyeshi tofauti yoyote. Asiyelijua asilichokoe kwa mdeki, asijaribu kifyatuo, wala asilielekeze kwa mtu. Risasi za zamani zilizoota kutu zisitupwe chooni, zisichomwe na takataka, wala zisizikwe shambani. Nendeni kituoni kwanza bila silaha, mweleze mlicho nacho, nao polisi wawaelekeze namna ya kuifikisha au waje kuichukua. Mtu anayeonekana barabarani amebeba bunduki huleta hofu, hata akiwa anakwenda kuisalimisha.

Daftari la silaha

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tunawaomba kila mmiliki aandike ukurasa mmoja: aina ya kila silaha, namba yake, namba ya leseni, idadi ya risasi, mahali zilipo, na uamuzi wake kwa kila moja. Silaha tatu zinaweza kuwa na maamuzi matatu: gobore makumbusho, raifo kwa mwana aliyepata kibali, na ile ya marisau kuuzwa. Nakala iwe kwa mwenza au kwa mtu aliyetajwa katika wosia. Mahali pa ufunguo pasiandikwe humo. Paelezwe kwa mdomo kwa mtu mmoja mwaminifu.

Na mama zetu, mkibaki na silaha za marehemu, msimsubiri msimamizi wa mirathi athibitishwe na mahakama. Toeni taarifa polisi mapema, silaha zihifadhiwe huko, na warithi wasizigawane. Kuzihifadhi polisi hakumnyimi mrithi nafasi ya kuomba kibali. Kunaipa familia muda wa kuomboleza bila wasiwasi.

Wazee wetu, mmezitunza silaha hizi kwa miaka mingi bila kumdhuru jirani. Kazi iliyobaki ni ndogo kuliko mliyokwisha kuifanya, ila hakuna mwingine anayeweza kuifanya vizuri kama ninyi, kwa sababu ninyi ndio wenye leseni, na ninyi ndio mnaojua kila bunduki ilikotoka. Tunawaomba muanze na ule ukurasa mmoja wiki hii.