Kazi Iliyomlemea Musa

Somo: Kutoka 18:13-26

Leo tuzungumze juu ya watu wanaochoka kazini hata usingizi wa usiku mmoja usiwatoshe.

Hapa Masimba mnawajua. Yuko mwalimu wa shule ya msingi. Elimu ya bure ilipoanzishwa nchini mwaka 2003, madarasa yalifurika, na katika milima yetu hii, ambako mashamba yamegawanywa hata yamekuwa vipande, watoto ni wengi. Anasahihisha madaftari usiku, na saa tatu simu inalia: ripoti inatakiwa kesho asubuhi. Yuko na muuguzi ambaye mwenzake alihamishwa, wala hakuletwa mwingine. Zamani aliwaita wagonjwa "mama" na "baba", siku hizi anapaaza sauti tu, "Anayefuata!" Watu husema ameingiwa na kiburi. Mimi sidhani ni kiburi.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza hali hiyo. Halikuiita ugonjwa. Lilisema ni matokeo ya mzigo wa kazini wa muda mrefu usioshughulikiwa vema: nguvu huisha, moyo hujitenga na kazi au kuidharau, na kazi yenyewe huharibika.

Basi sisi watu wa kanisa tukimwona mtu wa namna hiyo, tuna haraka ya kumwambia aombe zaidi. Kuomba ni kwema. Lakini mtazameni Yethro, kuhani wa Midiani. Alimkuta mkwewe Musa ameketi peke yake tangu asubuhi hata jioni, watu wamesimama mbele yake wakingoja kuamuliwa. Yethro hakumshuku Musa kuwa na imani haba. Aliitazama kazi jinsi ilivyopangwa, akaona kwamba itamchosha Musa, na watu nao watachoka pamoja naye. Angalieni hilo: hata wale wanaongoja kwenye foleni huchoka. Akashauri wachaguliwe wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi, watu wamchao Mungu na wasiopenda rushwa; neno gumu tu ndilo lifike kwa Musa. Musa alikuwa amesema na Mungu katika kijiti kilichowaka moto, lakini alikubali shauri la mzee huyo.

Wazee wetu wa Kisii walilijua jambo hili. Katika egesangio, majirani walipalilia wimbi shamba la huyu leo, na la yule kesho. Aliyekuwa na shamba kubwa hakuachwa avunjike mgongo peke yake huku wengine wakimsifu kwa bidii yake.

Sasa, ndugu mzee wa kanisa, nakuuliza wewe. Mlinzi wa kanisa lenu alipumzika lini? Wengine wetu hapa hupumzika Jumamosi na wengine Jumapili, na leo sitaki kuligusa neno hilo. Lakini yuko mtu anayelinda lango siku zote saba, nasi tunampita tukiingia kuimba juu ya pumziko. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo isiyopungua siku 21 za kazi, yenye mshahara kamili, kwa kila miezi 12. Na kabla ya serikali yo yote kuandika sheria, Mungu alikwisha kumwagiza Israeli ampumzishe mtumwa, mgeni, hata ng'ombe na punda, kwa sababu Israeli mwenyewe alikuwa mtumwa Misri (Kumbukumbu la Torati 5:14-15).

Tena makanisa yetu ni wadhamini wa shule nyingi, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inampa mdhamini viti katika halmashauri ya shule. Mkiketi huko, msiulize habari za matokeo ya mtihani tu. Ulizeni ni nani anayebeba zamu za wawili. Ulizeni kama mwalimu aliyefiwa alipata wa kumshikia darasa. Kubalianeni saa ambayo baada yake hakuna kumpigia mtu simu ya kazi, isipokuwa kwa jambo la hatari. Wekeni mtu mmoja mwenye siri, ambaye mfanyakazi aweza kumwendea na kusema "nimechoka" bila kuogopa kwamba neno hilo litafika ofisini kabla yake. Na mlinzi mtafutieni wa kupokezana naye, hata kama itabidi ujenzi wa ukumbi usubiri mwaka mmoja.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemlisha Eliya chini ya mretemu, ukamwacha alale kwanza kabla ya kumtuma tena, umkumbuke muuguzi aliye zamu usiku huu. Utupe sisi masikio ya kumsikia Yethro. Kwa jina la Yesu. Amina.