Tubane Wapi, Tuache Nafasi Wapi?

(Maneno haya yalisemwa katika semina ya siku moja ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika hapa kwa ombi la wale ambao hawakuweza kufika.)



Katika mkutano uliopita mama mmoja, mweka hazina wa kikundi chake, alisimama akatuuliza swali lililotushinda. Alisema hivi: "Ninyi watu wa ofisi ya maendeleo, mwaka juzi mlitufundisha tusilaze pesa stoo. Leo mnatuambia tuwe na akiba, na tena tutafute mnunuzi wa pili. Sasa tushike lipi?" Watu walicheka, na sisi tukacheka, lakini tulirudi nyumbani tukijua kwamba hatukumjibu. Leo tutajaribu.

Lile la kutolaza pesa tulilisema kwa sababu. Tumeona kikundi kikinunua magunia mengi ya chakula cha kuku kwa kuwa bei ilikuwa nzuri siku hiyo, na baada ya miezi miwili nusu yake ikaota ukungu. Panya nao hawakosi fungu lao. Na kwa mahindi si hasara ya pesa tu. Mnakumbuka mwaka 2004 huko Makueni na Kitui, watu zaidi ya 100 walikufa kwa sumu ya aflatoksini, ile inayoletwa na ukungu wa mahindi yaliyowekwa kabla hayajakauka vizuri. Basi mtu akikwambia ujaze stoo, muulize kwanza stoo yenyewe ikoje.

Viwanda vikubwa pia vilijifunza kubana. Sote tunalijua jina la Toyota, maana wengi wetu tumefika hapa leo ndani ya gari lao. Baada ya Vita Vikuu vya Pili kampuni hiyo huko Japani haikuwa na pesa nyingi wala nafasi ya kurundika vyuma. Mhandisi wao mmoja, Taiichi Ohno, akaanzisha utaratibu ambao kila kipande cha gari kinaletwa saa ile kinapohitajika, na kwa idadi ile inayohitajika. Fundi akimaliza vipande vyake, kadi inarudi nyuma kuagiza vingine. Hakuna kurundika. Pesa haziketi bure, na kitu kibovu kinaonekana upesi kwa sababu hakuna rundo la kukificha. Ulimwengu mzima ulikwenda kuwaiga.

Lakini sikilizeni yaliyotokea tarehe 1 Februari 1997. Ilikuwa Jumamosi, kabla ya mapambazuko. Moto ulishika kiwanda kimoja cha kampuni ya Aisin katika mji wa Kariya. Kiwanda hicho kilitengeneza kidude kidogo cha breki, kitu cha kutosha kiganjani, na karibu magari yote ya Toyota yaliyotengenezwa Japani yalitegemea kidude hicho kutoka kwa mtengenezaji huyo mmoja. Kununua kwa mmoja kulikuwa rahisi zaidi, ndiyo sababu. Akiba iliyokuwapo ilikuwa ndogo sana. Katika siku chache karibu viwanda vyote vya Toyota nchini humo vilisimama, kwa kidude cha kiganjani!

Sehemu inayotufaa sisi ni iliyofuata. Makampuni mengine zaidi ya 60 yalijitolea kutengeneza kidude hicho, na mengi hayakuwa yamewahi kukitengeneza. Hata watengenezaji wa cherehani waliingia kazini. Katika muda wa wiki moja hivi magari yakaanza kutoka tena. Hawakuokolewa na stoo, maana stoo hawakuwa nayo. Waliokolewa na majirani waliojuana nao miaka mingi, na mafundi waliojua kufanya kazi zaidi ya moja.

Tena, baada ya tetemeko kubwa la Machi 2011, Toyota walikaa chini wakachambua: ni vitu gani vikikosekana vitachukua muda mrefu kupatikana tena? Kwa vitu hivyo, kama vile vile vipande vidogo vya elektroniki, wakataka wauzaji wao waweke akiba ya miezi kadhaa. Vingine wakaendelea kuvibana kama zamani. Vipande hivyo vilipoadimika duniani mapema 2021, wao waliendelea kuunda magari wakati wenzao wanafunga. Tusidanganyane lakini: ilipofika Septemba mwaka huo na wao walilazimika kupunguza kazi sana. Akiba hukununulia muda tu.

Sasa turudi kwetu, na hapa inabidi tuseme jambo ambalo si la kutusifu.

Kulikuwa na kikundi cha akina mama tuliokuwa tukikishauri, waliolima mishiri, yale maharagwe machanga ya kupelekwa Ulaya. Mwanzoni kila mmoja alipanda wakati wake, na broka alilalamika kwamba pikapu yake inarudi nusu tupu. Sisi tulipiga hesabu na broka tukaona ana haki. Tukawashauri wapande wote wiki moja, ili wachume siku moja, gari lijae, na nauli ya kila kilo ishuke. Tukawaambia pia wamuuzie yeye peke yake kwa sababu alitoa bei nzuri kuliko soko. Mama mmoja alikuwa ameacha mistari michache ya rosekoko pembeni mwa shamba lake. Tulimwambia, mbele ya wenzake, kwamba anapoteza nafasi.

Msimu wa kwanza tulionekana watu wa maana. Wengine walilipa karo, wengine wakaezeka mabati.

Halafu ikaja Aprili 2010. Mlima wa volkano uliripuka huko Iceland, nchi ambayo wengi wetu hatukuwa tumewahi kuisikia, na majivu yake yakafunga anga ya Ulaya. Ndege hazikuruka kwa karibu wiki nzima. Maua ya Naivasha yalitupwa. Mizigo michache ilipitishwa Uhispania, ambako viwanja vya ndege vilikuwa wazi, kisha ikapelekwa mbele kwa malori, lakini njia hiyo ilikuwa ya wenye uwezo. Broka wetu alizima simu. Mishiri haingoji, mnajua. Usipoichuma siku mbili tatu inakomaa, inaota nyuzi, na hakuna mnunuzi wa kuitazama. Na kwa kuwa shamba zote zilipandwa wiki moja, zote zilikomaa pamoja. Akina mama walichuma wakawapa ng'ombe. Deni la mbegu na dawa lilibaki pale pale, na kikundi kiligawanyika juu ya deni hilo. Wanachama wengine hawajarudi mpaka leo.

Yule mwenye rosekoko alikuwa na kitu cha kuweka chunguni. Hakutuambia neno, na hilo lilituuma zaidi.

Tulipotulia tukajiuliza: kosa lilikuwa wapi? Kujaza gari si kosa. Nauli iliyopungua ni pesa halisi. Kosa letu lilikuwa kubana kila mahali kwa mara moja: wakati mmoja wa kupanda, gari moja, mnunuzi mmoja, zao moja. Kama tungeacha nafasi mahali pamoja tu, hasara ingekuwa ya kuvumilika.

Kwa hiyo kabla ya kuamua, tazameni kwanza mali yenu ni ya namna gani. Mahindi makavu, maharagwe, vikapu, unga wa wimbi: hivi vinakaa. Kwa vitu vinavyokaa, nafasi yenu ni stoo safi na kavu, na uwezo wa kungoja bei. Lakini maziwa, nyanya, mishiri, ndizi mbivu, hivi stoo haviisaidii. Nafasi yake ni njia ya pili, au umbo la pili. Mwanzoni mwa 2008, wakati wa machafuko baada ya uchaguzi, barabara zilifungwa, petroli ikaadimika mpaka Uganda na Rwanda kwa sababu nyingi yake wakati huo ilipitia Mombasa, na wafugaji wa Bonde la Ufa walimwaga maziwa. Maziwa yakigandishwa vizuri kuwa mala hukuongezea siku kadhaa za kutafuta mnunuzi. Lakini lazima kikundi kiwe kimeshajifunza na kina mikebe safi ya ziada. Siku ya mvua na daraja kubebwa si siku ya kuanza kujifunza mala.

Halafu ulizeni: ni kitu gani kidogo ambacho kikikosekana kazi yote inasimama? Kikundi kimoja kina mashine ya kusaga unga. Belti ilikatika Jumatatu, ya kubadilisha ikapatikana mjini Alhamisi, na siku hizo wateja wakazoea mashine ya ng'ambo ya mto. Siku hizi belti ya pili imetundikwa ukutani kwa msumari. Hatukuwaambia wanunue injini ya pili, hiyo ingekuwa kuzika pesa. Belti ni bei ndogo na husimamisha kila kitu. Injini ni bei kubwa na fundi yuko karibu. Tofauti hiyo ndiyo tunayotaka muione.

Na si vifaa tu. Kuna kikundi ambacho namba ya simu ya mnunuzi ilikuwa katika simu ya katibu peke yake. Katibu akaugua, akalazwa, simu ikaisha moto. Mali ikakaa. Kumbe nafasi nyingine haigharimu hata shilingi, ni kuandika namba kwenye daftari la kikundi!

Sasa lile la mnunuzi wa pili, ambalo mama yetu aliuliza. Tulipige hesabu, kwa mfano tu. Tuseme mnachuma kilo 100 kila mara, mara tatu kwa wiki, kwa wiki sita. Hiyo ni mara 18. Broka anatoa shilingi 50 kwa kilo. Wenye hoteli na wauza mboga mjini wanatoa shilingi 30. Kila kilo mnayopeleka mjini mnapoteza shilingi 20. Mkipeleka kilo 20 kila mara, mnapoteza 400, na kwa msimu mzima 7,200.

Je, mnapata nini? Tuseme wiki moja broka hakuja. Kwa kuwa mjini mnajulikana, mnauza nusu ya mazao kule, kilo 50 mara tatu kwa shilingi 30, mnaokoa 4,500. Mmelipa 7,200 ili mwokoe 4,500. Hiyo si hekima, na tunakiri kwamba siku ya kwanza sisi wenyewe tulipendekeza kilo 20 bila kupiga hesabu. Lakini mkipeleka kilo tano tu kila mara, mnapoteza shilingi 100, na kwa msimu 1,800. Wenye hoteli hawawasahau kwa sababu wanawaona kila wiki. Hata kama broka anakosa wiki moja katika misimu miwili, mmelipa 3,600 mkaokoa 4,500. Hapo kuna maana. Akikosa mara moja kwa miaka mitano, hapana, afadhali mumwuzie yote. Lazima kila kikundi kitazame daftari lake: huyu mtu ametuangusha mara ngapi?

Neno moja la onyo, kwa maana tunawajua. Kuna wanaosikia "kuacha nafasi" wakadhani ni ruhusa ya kila mtu kufanya apendavyo. Kumuuzia broka wa usiku mali ambayo mmeahidi kwa maandishi kumuuzia mwingine si kuacha nafasi, ni kuvunja ahadi, na siku ya shida hakuna atakayekuja kuwasaidia. Wale majirani 60 wa Japani hawangekuja mbio kwa mtu aliyewapunja. Kama mnataka kilo tano za mjini, ziandikwe katika mapatano tangu mwanzo, broka aweke sahihi akijua. Mwenye akili atakubali, kwa maana naye hataki kikundi chenu kife.

Na kupanda kwa zamu? Tumejaribu na kikundi kingine: nusu ya wanachama wanapanda wiki hii, nusu wiki ya tatu. Gari halijai sana, nauli imepanda kidogo, na wengine wananung'unika. Lakini wanachuma kwa majuma mengi zaidi, na wiki mbaya ikija haiwakuti wote na mavuno yao ya kwanza. Bado hatujui kama wataendelea. Mwenyekiti wao yuko hapa, mwulizeni wakati wa chai.

Kwa mkutano ujao, kila kikundi kije na karatasi moja. Andikeni njia ya mali yenu kutoka shambani mpaka mkononi mwa anayelipa, na kila mahali penye mtu mmoja tu, gari moja tu au kifaa kimoja tu, wekeni alama. Kisha chagueni alama moja, si zote, ile inayoweza kuwaumiza zaidi kwa bei ndogo zaidi ya kuizuia. Mje na bei yake.

Na yule mama mweka hazina, kama jibu letu bado halijakutosha, simama useme. Chai itangoja.