Moli, Korija na Jiko la Mkaa



Huko Mzenga, katika Wilaya ya Kisarawe, mkaa si kitu kigeni. Huchomwa katika matanuri ya udongo, hutiwa katika magunia na kupelekwa Dar es Salaam. Lakini mtoto aliyekulia kando ya tanuri, akifika Kidato cha Tatu na kuulizwa gramu 24 za kaboni ni moli ngapi, huduwaa. Kanuni ameikariri: gawa uzito kwa uzito wa moli moja. Hupata 2. Mbili za nini? Hapo hukaa kimya.

Kosa si la mtoto peke yake. Somo lenyewe hufundishwa kwa Kiingereza, na pendekezo la Tume ya Makweta la mwaka 1982, kwamba Kiswahili kitumike katika sekondari, halikutekelezwa. Hata hivyo, hakuna sheria inayomkataza mwalimu kuchukua mfano dukani. Muuza kanga huhesabu kwa korija, yaani vipande 20. Korija ya kanga na korija ya mablanketi ni idadi ile ile, ila mizani haitazipa uzito mmoja. Moli nayo ni korija, lakini ya vitu vidogo mno: takriban 6.022 × 10²³. Moli ya atomi za kaboni ina gramu 12. Ya atomi za oksijeni ina gramu 16. Na kwa kuwa atomi hazihesabiki kwa vidole, huhesabiwa kwa mizani, kama korosho zinavyouzwa kwa kilo wala hakuna anayezihesabu mojamoja.

Sasa litazamwe jiko. Oksijeni ya hewani huwa na atomi mbilimbili, hivyo moli yake ni gramu 32. Gramu 12 za kaboni zikiipata yote, hutokea hewa ukaa, CO₂, gramu 44. Lakini jiko likiwekwa katika chumba kilichofungwa, hewa ikapungua, kaboni ile ile huambulia gramu 16 tu za oksijeni. Hutokea CO, gramu 28. Tofauti ni ile 2 ndogo ambayo wanafunzi huisahau, na baadhi ya walimu huisahihisha kwa kalamu nyekundu bila neno la maelezo. CO haina rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi mara 200 ile ya oksijeni, na familia iliyolala na jiko ndani huenda isiamke.

Bila shaka mkaa wa tanuri si kaboni tupu. Una unyevu na majivu, na gramu zake 12 hazitafikisha gramu 44 za hewa ukaa. Mwanafunzi atakayeliuliza hilo asikemewe. Apewe mizani, apime mkaa kabla ya kuuwasha, kisha apime majivu. Na jiko likae nje ya darasa, penye upepo.