Mkataba Usitangulie Fedha



Nimeombwa nizungumzie kanuni za fedha za serikali katika miradi ya ujenzi. Sitazisoma zote, nyaraka mnazo makabatini, japo nyingine nadhani hazijapata kufunguliwa. Nitashika moja tu, ambayo kuivunja kwake hutugharimu sana.

Ibara ya 136 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano hairuhusu fedha kutolewa katika Mfuko Mkuu wa Hazina ila kwa idhini ya Katiba yenyewe au ya sheria iliyotungwa na Bunge. Idhini ya bajeti ni ya mwaka mmoja wa fedha, nao hukoma tarehe 30 Juni. Lakini daraja halijui 30 Juni: nguzo husimamishwa mwaka huu, sakafu ikamwagwa zege mwaka ujao. Tena idhini ya Bunge ni ruhusa ya kutumia, si fedha mkononi. Afisa atiaye sahihi mkataba kwa kutegemea kifungu cha bajeti peke yake humwingiza mkandarasi kazini. Mhandisi hutoa hati ya malipo, na Hazina bado haijaleta kitu. Siku zilizotajwa katika mkataba zikipita, riba huanza kuhesabiwa. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu zimeitaja riba hiyo mara nyingi. Ni fedha za umma zisizoongeza hata tofali moja.

Walimu wasidhani haya ni ya wahandisi tu. Katika utaratibu wa kutumia mafundi wenyeji, ule tunaouita fosi akaunti, fedha za madarasa huingia katika akaunti ya shule, na mwalimu mkuu ndiye mwenye kuzijibia. Namfahamu mmoja aliyekopa saruji na mabati dukani kwa kuwa aliambiwa kwa simu kwamba fedha ziko njiani. Mwaka ukafungwa, hazikufika. Mwenye duka akawa anamfuata mpaka mlangoni mwa darasa, mbele ya wanafunzi wake.

Kwa hiyo, ndugu zangu, atakayeagizwa kuanza ujenzi na aombe agizo hilo kwa maandishi, lenye kutaja kifungu cha bajeti na kiasi kilichokwisha kupokelewa, nalo alitie katika jalada la shule. Akiitwa mkaidi, avumilie. Mkaguzi ajapo huulizia karatasi hiyo kwanza. Mwalimu yule hakuwa nayo.